Mama, Siku Hizi Ninatembea na Papa

Mama,

Nywele zimeanza kuota. Bado ni fupi, ukipitisha kiganja zinachoma kidogo, lakini zimeota kichwa kizima, hata pale juu ya sikio la kushoto ambapo wewe mwenyewe ulishakata tamaa. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula.

Naandika nikiwa ndani ya saluni yako. Mlango nimeufunga nusu ili watu wa mtaa wetu wa Kasenga wasidhani tumeshafungua. Kioo nimekifuta. Meshi zako za kusukia bado zinaning'inia kwenye misumari, nyeusi upande huu na za rangi ya kahawa upande ule, na hakuna aliyezigusa tangu siku ile. Mimi nimezigusa leo. Nilitaka tu kuona kama mikono yangu itatulia. Imetulia, kwa leo.

Unakumbuka ulivyogundua? Nilikuwa bado shule ya msingi. Ulikuwa unageuza godoro langu ulianike juani, ukakuta nywele zimerundikana ukutani nyuma ya kitanda. Ukadhani ni panya. Ukasema panya wameanza kula meshi zako, ukatafuta hadi chini ya kabati. Halafu ukaziinua kwenye mwanga, ukaona si meshi, ni nywele za mtu. Ukanivua fulari ya kichwani. Ukauliza, "Nani anakunyoa hivi?" Nikajibu, "Ni miye mwenyewe, Mama. Nazing'oa." Ulikaa chini pale pale juu ya godoro, ukanishika vidole, ukavitazama kimoja kimoja kama vile ulitarajia kukuta kidonda.

Sikuweza kukueleza wakati ule. Nilikuwa mdogo, maneno sikuwa nayo. Sasa ninayo. Ninapokaa na daftari, au ninapokuwa na hofu ya kitu ambacho hata sikijui, kidole kinapanda chenyewe. Kinatafuta unywele mmoja mgumu kuliko wengine. Kikiupata hakiwezi kuuacha. Ukitoka, nasikia utulivu mdogo hapa kifuani, mdogo sana, halafu haya inakuja na kuufunika wote. Na ili haya iondoke, kidole kinapanda tena. Ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo inavyokuwa hata leo.

Na wewe msusi. Wanawake walitoka hata Kavimvira kuja kukaa kwenye kiti chako, na binti yako alikuwa na mabaka kichwani kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Wateja walipouliza kwa nini sivui fulari hata kwenye joto, ulisema ni mapunye, bado natumia dawa. Ulinipaka mafuta ya nyonyo. Ulinipaka pilipili vidoleni, nikajifuta machozi, nikalia hadi jirani akaja. Ulinivisha soksi mikononi. Ulinipeleka kwa mama wa sala wa parokia wakanishika kichwa juu ya fulari. Papa alikuwa akitutazama kutoka kwenye karakana yake uani, akiwa ameinua miwani yake ya kuchomelea vyuma, na kila mara alisema neno lile lile: "Aache tu. Mukono si ni wake?"

Hata wewe uliamini hivyo mwanzoni. Ulidhani sitaki kuacha.

Halafu ikaja ile likizo ya Lubarika kwa bibi, wakati wa kuvuna mpunga. Nilikata, nilibeba, nilipiga masuke kwenye pipa pamoja na binamu zangu mpaka mabega yakawa kama si yangu. Chakula kilikuwa kitamu kuliko chakula chochote. Nilikuwa nikilala kabla ya kumaliza kuvua viatu. Ulipokuja kunichukua, ulinivua fulari mbele ya bibi, na kulikuwa na nywele laini zinaota kwenye mabaka yote. Ukamwuliza bibi, "Mama, ulimupa dawa gani?" Bibi akacheka. "Dawa ya nini? Iko anatumika tu, kazi ya shamba. Akimaliza kutumika, analala."

Uliliweka neno lile moyoni, nilikuona. Njiani kurudi Uvira ulilirudia peke yako.

Masomo yalipoanza na mimi kurudi kukaa, vidole navyo vikarudi. Lakini safari hii hukuleta pilipili. Jumamosi moja wateja walipopungua, ulichukua mabaki ya meshi, ukayasuka kamba nene, ndefu, nzito, ukafunga vitambaa kwenye ncha zote mbili. Nilidhani ni mtindo mpya. Ukasema twende uani. Ukaniambia, "Kidole kikianza, usipigane nacho. Inuka. Uruke mpaka kifua kikatae. Halafu tuone."

Nikaona haya. Nilikuwa msichana mkubwa. Basi ukafunga kitenge vizuri kiunoni, ukavua kandambili, ukaanza kuruka wewe. Mama yangu! Mwili wako ule wote! Kuku walikimbilia nyuma ya choo. Papa alizima mashine yake. Mama Zawadi, jirani yetu muuguzi, akasimama kwenye ua akiwa bado na blauzi yake nyeupe ya kazi, akacheka mpaka akashika mti. "Mama Riziki, weye umerudi kuwa mutoto?" Na wewe ukamjibu bila kusimama, pumzi zikikatika, "Ingia basi! Nafasi iko!"

Ukaniachia kamba, nami nikaruka. Tangu siku ile sikuona haya ya kuruka tena. Tuliruka kabla ya masomo yangu ya jioni, wewe zamu yako, mimi zamu yangu. Ulikuwa unahesabu kwa Kifuliiru ukipotea katikati na kuanza upya. Hamu ilikuwa bado inakuja, lakini ilinikuta mikono imening'inia, moyo unapiga, jasho linanitoka mgongoni, na mara nyingi iliondoka yenyewe. Si mara zote. Mwaka wa mtihani wa Serikali wa kumaliza shule niling'oa upande mzima wa nyuma, na kamba ilikuwa imetundikwa hapo mlangoni nikiiona. Sikuinuka. Wewe uliona kichwa changu, ukaniletea tu kamba mezani, ukarudi kwa mteja wako. Mama, kama ungenigombeza siku ile sijui ningefika wapi.

Halafu magoti yako yakaanza kuuma, ukaacha kuruka. Mimi niliendelea. Wewe ulikaa kwenye ngazi ukinitazama.

Sasa nikuambie yaliyofuata, maana wewe ulikuwa umeshaondoka.

Ulianguka hapa hapa, mkono wako ukiwa kwenye kichwa cha Mama Esperance. Tansio, presha ya damu. Papa na vijana wa pikipiki walikubeba, na Mama Esperance akatufuata kwa miguu mpaka hospitali, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Dokta alitoka, akamtazama Papa, na Papa akakaa chini kabla hajasikia neno. Mama Esperance alikuja kwenye kilio na kichwa kile kile cha nusu. Watu walimwambia akamaliziwe mahali pengine, akakataa. Alisema mkono wa mwisho wa Mama Riziki uko pale, hawezi kuufumua. Nilimsuka mimi, baadaye sana, nyumbani kwake na kwa meshi zake. Upande wako sikuugusa. Niliulinganisha tu.

Mama mdogo Sifa, mdogo wako, alifika kutoka Lubarika akilia tangu barabarani. Alipoona ile kamba mlangoni akaivuta ikachomoka na msumari wake. "Ni hii! Ni hii ndiyo imemumaliza dada yangu! Muntu wa tansio, na kilo zile, anaruka kama mutoto!" Akaenda kuitupa chooni. Hakuna aliyemzuia. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilifikiri, kama ni kamba, basi ni mimi, kwa sababu kamba aliisuka kwa ajili yangu.

Niliamini hivyo, Mama. Sikuruka tena. Sikutembea, sikufua, sikuchota maji. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na waombolezaji, mikono ikiwa chini ya fulari, na watu walidhani nimejishika kichwa kwa uchungu. Kweli ulikuwa uchungu. Lakini jioni mkeka ulikuwa umejaa nywele na nilizikusanya kwenye mfuko wa nguo yangu kabla hawajaona.

Ikafika siku ya kuondoa kilio. Unajua kwetu, wafiwa wa karibu wananyolewa. Mabeseni ya maji yalikuwa tayari, nyembe zilikuwa tayari, mama wote wamekaa uani. Papa alikuwa ameshanyolewa, kichwa chake kiking'aa kwa mafuta, hatumtambui vizuri. Mama mdogo Sifa akaniita. Nikamwomba aninyolee ndani. Akasema, "Kwa nini ndani? Unanificha nini miye mama yako?" Na bila ubaya wowote, kwa haraka tu ya kazi, akanivua fulari.

Uani kila mtu aligeuka. Nilisikia maji yakidondoka kwenye beseni. Miaka yote ile ulinifichia, Mama, na sasa walikuwa wanaona wote, mama wa parokia, wateja wako, binamu, wote. Mama mdogo akaweka wembe chini. Akagusa baka moja, halafu jingine. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani alikufanya hivi?"

Nikasema, "Ni miye mwenyewe."

Na nikaendelea. Sijui nguvu niliitoa wapi. Nilimweleza kidole, unywele mgumu, utulivu mdogo, haya. Nilimweleza Lubarika na kamba. Alinisikiliza mdomo ukiwa wazi. Akauliza, "Dada alijua?" Nikamwambia ndiye peke yake aliyejua. Papa pia alijua, lakini yeye alidhani nacheza. Mama mdogo akajishika kifua. "Na miye nilifikiri anaruka apunguze matako!" Mtu mmoja akacheka, halafu wengine wakacheka, halafu yeye mwenyewe akacheka, na kicheko kile kikageuka kilio katikati kama maji yanavyobadilika mtoni mvua ikinyesha mlimani.

Mama Zawadi akasimama. Alisema mbele ya wote, "Si kamba. Miye ndiye nilikuwa nampima. Miaka ile alikuwa anaruka ndiyo tansio yake ilitulia. Magoti yalipomushinda akaacha, nayo ikaanza kupanda tena, na vidonge alikuwa anavisahau. Muache mutoto." Kisha akakaa. Mama mdogo alichukua wembe, akaninyoa polepole sana, akizunguka kila baka kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Alipomaliza, akanigeuza nitazame wengine. Papa, shangazi, yeye mwenyewe, mimi, wote vipara. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu utoto, kichwa changu kilifanana na vichwa vya watu wengine.

Watu wakaenda zao. Tukabaki Papa na mimi.

Mama, Papa alikuwa mahali pabaya. Zile sauti ulizokuwa unamtumia kwa simu akienda kufunga milango kwa watu, alikuwa anazisikiliza. Hasa ile moja unamwambia apitie vitunguu na ndagala wa ziwani, na asichelewe, bugali utapoa. Ukimaliza kusema anarudisha mwanzo. Asubuhi, mchana, kwenye meza, simu sikioni. Chaji ikiisha anakwenda kusimama dukani mpaka ijae. Milango ya watu ilikuwa imelala uani bila bawaba, wenyewe wakija anawaambia kesho. Ndugu zake walimwambia, "Jikaze, weye ni mwanaume." Baba mkubwa akasema, "Uache tu hiyo simu." Nilipolisikia neno lile nikainuka nikatoka nje.

Niliporudi nilimtazama kidole chake cha gumba. Sauti yako ilikuwa bado haijamaliza kusema bugali, na kidole kilikuwa kimeshapanda kurudisha. Kidole kile nakijua. Nilikuwa naweza kukuambia kinajisikiaje.

Sikumwambia aache. Nilisema, "Papa, unisindikize."

"Wapi?"

"Njiani tu. Miguu yangu imekufa na ukaaji."

Alikuja kwa sababu alidhani ananisaidia mimi. Siku ya kwanza alitembea na kandambili, simu sikioni, na sauti yako ikienda pamoja nasi, vitunguu, ndagala, mpaka kwenye daraja. Wamama waliokuwa wanapanda kutoka ziwani na mabeseni walitupisha njia. Tukageuka, tukarudi. Kesho yake nikamgongea. Kesho yake tena. Kuna siku alikataa, akageukia ukuta, nikakaa mlangoni hadi akatafuta viatu.

Asubuhi moja sikufuata barabara kubwa, nilimpitisha njia ya kupanda mlimani. Unajua ilivyo kali. Papa alianza kuhema. Alijaribu kushikilia simu sikioni lakini pumzi zake mwenyewe zilikuwa na kelele kuliko sauti yako, hakusikia kitu. Akaitazama. Akaitia mfukoni. Alipanda hivyo hivyo, mikono magotini, jasho likimtiririka kwenye kipara, na tulipofika kwenye lile jiwe pana alikaa chini akasema, "Mama yako angenicheka." Yalikuwa maneno yake ya kwanza ambayo si ya kujibu mtu.

Tulikaa. Ziwa lilikuwa jeupe chini yetu, milima ya Burundi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye ukungu, na pikipiki zilisikika ndogondogo kama nyuki. Papa alikuwa anavuta majani na kuyakata. Bila kunitazama akauliza, "Ile ya nywele, inaanzaga namna gani?"

Miaka yote ile, Mama, hakuwahi kuuliza. Nikamweleza kama nilivyomweleza mama mdogo, ila polepole zaidi. Alipiga piga mfuko wake. "Ni kama hii." Nikasema ndiyo, Papa, ni kama hiyo. Halafu akasema, "Na miye nilikuwa nasema uache tu." Akanishika kichwa, kiganja chake kigumu chote, akakiacha pale mpaka jua likaanza kuchoma.

Sitaki udhani tumepona. Majuzi mvua zilinyesha mfululizo, mto ukajaa, hatukutoka nje. Papa alirudi kwenye simu kutwa nzima, na mimi nilikuta baka jipya nyuma, dogo, nililitengeneza bila hata kujua. Tulikaa mezani tukitazamana kama wezi wawili waliokamatwa mahali pamoja. Kisha akasema, "Tufanye nini sasa?" Tukahamisha meza, na baba mzima akaanza kupiga hatua pale pale aliposimama sebuleni, magoti juu, kama yuko kwenye gwaride la shule. Nilicheka, Mama. Nilicheka kwa sauti, na papo hapo nikaona aibu kwamba nacheka nawe uko udongoni, na machozi yakanishinda. Yeye aliendelea kupiga hatua huku analia pia.

Mvua iliisha, tukarudi mlimani. Sauti yako bado anaisikiliza, tukisharudi, akiwa amekaa kwenye ngazi na kikombe cha chai. Siku nyingine inakuwa mara moja, siku nyingine zaidi. Siulizi. Milango ya watu imepata bawaba. Mama mdogo Sifa ametuma mchele wa Lubarika na neno kwamba nikitaka kwenda kuvuna, kitanda cha bibi kipo.

Nakukosa asubuhi kuliko wakati mwingine wowote. Nikifunga viatu nakusikia bado uko chumbani unamwambia Papa usingizi haujamtosha. Naganda hapo na kamba za viatu mkononi. Halafu Papa anakohoa nje, najua amesimama ananingojea, nami natoka.

Jumatatu nitafungua saluni. Sitafunga fulari. Atakayeuliza nitamjibu, sitasema mapunye. Kuhusu nywele siwezi kukuapia, Mama, ninaijua mikono yangu. Ila kila asubuhi nitamgongea Papa, na akikataa nitakaa mlangoni, na nikikataa mimi yeye atanigongea, tumeshakubaliana. Hilo naweza kukuahidi, na nakuahidi.

Pumzika sasa. Miguu yako ilifanya kazi kubwa kwa ajili yangu. Usitungoje huko upesi.

Mtoto wako,
Riziki